Land Rover 109 iliyolala bandani: anza na chuma, rangi iache mwisho

Mkuu, umeuliza mawili. Kwanza, 109 ya petroli, Series III, iliyolala bandani Uyole zaidi ya miaka kumi, uanzie wapi. Pili, kwa nini ile nyingine iliyopanda kutoka Dar inatoa moshi mweusi tangu ifike Mbeya.

Rangi iweke pembeni kwanza. Bodi ya gari hizi ni alumini, hailiwi na kutu, ndiyo maana gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Chuma kiko kwenye chasisi na kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na dereva. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi pana, gonga kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "pu" na magamba yanakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Chasisi ni boksi, tope likiingia linakaa, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kitobo cha kuingia kidole, ujue ndani pameliwa kiganja kizima. Kagua sana boriti ya nyuma, masikio ya springi, ile mikono inayobeba bodi, na pale dereva anapokanyaga.

Kiraka ni bati la milimita 2 hadi 3, na unakata mpaka ukute chuma cheupe. Kuchomelea juu ya kutu ni kutupa hela. Kabla ya moto, toa tenki (mara nyingi liko chini ya kiti), chomoa betri na waya za altaneta, la sivyo unaunguza diodi. Ukimaliza, zibua matundu ya kutolea maji. Alumini inapogusana na chuma penye unyevu inageuka unga mweupe, na mvua za huku mnazijua, basi paka rangi pande zote mbili na weka mpira katikati. Praima ya kawaida haishiki kwenye alumini, nunua ya etchi, ile inayong'ata alumini.

Spana: nati nyingi ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia ila inacheza, na nati iliyoganda itaviringika kona zote. Tafuta 7/16, 1/2 na 9/16 kabla hujafungua chochote.

Injini usiipige stata. Toa plagi nne, mimina kijiko kimoja cha chakula cha oili nyepesi kila silinda, iache siku nzima, kisha zungusha kwa mkono taratibu. Ikigoma, ongeza oili na subira, usivute kwa gari lingine. Petroli ya zamani imekuwa gundi, mwaga yote na uoshe tenki. Nafasi za kuacha: tapeti zote 0.25 mm, pointi 0.38 mm, plagi 0.8 mm; mpangilio wa moto 1-3-4-2.

Breki: vikombe vya mpira vyote vipya, na mipira ya breki pia. Mpira mzee huvimba kwa ndani, mafuta yanakwenda ila hayarudi, tairi linabana na dramu inachemka. Mafuta ya breki ni DOT 3 au 4 tu. Oili ya injini humo inavimbisha kila kikombe, na hilo utaligundua ukiwa katikati ya mteremko wa Kitonga.

Sasa moshi mweusi. Mbeya iko mita 1,700 hivi, hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, lakini jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) inapitisha petroli ileile, kwa hiyo petroli inazidi hewa na haiungui yote. Ila kabla hujaigusa jeti, angalia choki isiwe imekwama na chujio la hewa lisiwe limeziba. Kisha fungua kabureta. Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake: mfuniko unapinda kwa kukazwa kupita kiasi, petroli inapenya pembeni na kudondokea kooni mwa kabureta. Dalili ni kwamba unazungusha skrubu ya sailensa (injini ikinguruma gari limesimama) na injini haijali. Chora mistari ya penseli kwenye uso wa mfuniko, laza msasa namba 400 juu ya kioo, sugua kwa mzunguko mpaka mistari yote ifutike. Fanya hivyo na upande wa chini. Weka oringi mpya, kaza kwa kupishanisha, kwa mkono mwepesi.

Hapo plagi zikiendelea kuwa nyeusi, ndipo ushuke saizi ya jeti kuu, hatua moja kwa wakati. Rangi unayoitaka ni kahawia ya chai ya maziwa. Ile jeti ya zamani ihifadhi ndani ya gari, maana ukishuka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, utakuta plagi zimekuwa nyeupe na injini inachemka, na itabidi uirudishe palepale barabarani.