Shangazi, ufadhili nimepata ila nauli sina

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa mwaka wa tatu, nasomea kilimo chuo kimoja hapa Morogoro. Nimechaguliwa kwenda kusoma semista moja Ujerumani kwa ule mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi, ada silipi na watanipa yuro 850 kila mwezi kwa miezi mitano. Shida ni kwamba hela ya kwanza inaingia nikishafika kule na kufungua akaunti, na tiketi nanunua mwenyewe halafu ndo narudishiwa. Paspoti sina. Baba analima mpunga Ifakara na msimu huu maji yamebeba kila kitu. Washkaji wananiambia niachie nafasi apewe mwingine. Nifanyeje?
Wa mwaka wa tatu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usiachie! Nakwambia kwa uchungu kwasababu mimi niliwahi kuachia. Nilipata nafasi ya kwenda kusoma nje, barua ninayo mpaka leo kwenye sanduku, sa cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina langu kwa h moja mahali ambapo cheti cha form four kina herufi nyingine, basi ofisi moja ikanirudisha nikale kiapo, nakuja na kiapo wananiambia muhuri haujakolea, narudi mwenye muhuri yuko semina, mpaka tarehe ikapita. Maksi nilikuwa nazo, kilichonikosesha ni herufi moja na nauli ya daladala ya kwenda na kurudi mara tisa.

Ndo maana kesho asubuhi, kabla hujaanza kuhangaikia tiketi, chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha form four na kitambulisho cha NIDA, viweke mezani, soma jina herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti kaanzie hapo. Kama viko sawa ingia kwenye tovuti ya Uhamiaji ujaze fomu ya paspoti, ni laki na nusu jumla. Hiyo laki na nusu usisubiri mpunga, pigia wajomba, pigia mashangazi wa kweli siyo mimi, uza hata simu ununue kitochi. Bila paspoti mengine yote ni hadithi.

Sasa tuje kwenye hela yenyewe. Hii habari ya lipa kwanza tutakurudishia mimi inanikera, nasema wazi. Wanabandika tangazo fursa kwa wote, halafu anayeweza kwenda ni yule ambaye baba yake ana milioni mbili imekaa tu benki inasubiri kurudishiwa. Ila mwanangu ukiuliza mara nyingi wanalegeza, tatizo watu wetu wanaona aibu kuuliza. Andikia ofisi ya wanafunzi wa nje ya kile chuo cha Ujerumani, kwa heshima lakini bila kuzunguka, waambie sina uwezo wa kununua tiketi kwanza, je mnaweza kuninunulia nyie mkate kwenye posho yangu, au mnipe sehemu ya posho kabla sijaondoka? Kopi mpe mratibu wa chuo chako. Usiandike riwaya ya umaskini, mistari sita inatosha.

Halafu kuna shimo hujaliona. Ubalozi wa Ujerumani unapotoa viza ya masomo unataka kuona una hela ya kuishi, na kiwango walichoweka tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Wewe unapewa 850. Pengo ni 142, zidisha mara tano inakuja 710. Hizo yuro 710 mtu wa dirishani anaweza kukuuliza ziko wapi, ukabaki unamtazama. Kuna njia mbili watu wanatumia. Moja, unaweka hiyo hela ya pengo kwenye akaunti ya kufungia ya kule, unaruhusiwa kuchota kidogo kidogo kila mwezi ukishafika, kwahiyo haipotei, ni yako. Mbili, uwe na mtu anayeishi Ujerumani anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake anasaini kwamba atakubeba ukikwama. Kwenye ile barua yako ya tiketi ongeza na hili, kwasababu kuna vyuo vina mfuko mdogo wa dharura na pengo la namna hii ndo kazi yake.

Kingine cha karatasi, na hapa wengi wanalia wakirudi: mkataba wa masomo. Ile fomu inayoandika utasoma kozi gani kule na hapa zitahesabika badala ya zipi. Isainiwe na wewe, chuo chako na chuo chao KABLA hujapanda ndege. Nimeshapokea barua ya binti aliyerudi na A tatu za Ulaya, mkuu wa idara akamwambia hizi hatuzitambui rudia semista. Na kama unakula bumu, yaani posho ya mkopo, pita kwa afisa mikopo wa chuo umuulize kusaini kutakuwaje ukiwa hupo, usije ukashangaa jina limerukwa.

Koti usinunue kule. Nenda soko la Karume kule Dar, au kama una ndugu Moshi mwambie apite soko la Memorial, kuna makoti ya mtumba yanayovaliwa na wapagazi wa mlimani, yale yenye manyoya kwenye kofia. Angalia zipu tu.

Jambo Shangazi, mimi ni Mkongomani, nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na sasa niko Marekani, Kentucky, mwaka wa nne huu. Nasoma chuo cha miaka miwili na usiku napakia mizigo kwenye ghala. Chuo chetu kina safari ya masomo ya wiki tatu Kosta Rika. Mwalimu amenisisitiza niombe lakini darasani wanaoenda ni wale wale wenye wazazi wao wana nyumba. Mimi nina grini kadi tu. Ni ya watu kama sisi kweli?
Binti wa Nyarugusu

Binti, kwanza hongera, kupakia mizigo usiku na asubuhi kukaa darasani siyo mchezo.

Hilo uliloliona darasani si jicho lako baya. Wamarekani wenyewe wanalijua, katika kila wanafunzi mia wanaokwenda kusoma nje weusi hawafiki hata kumi, na mwaka 2000 bunge lao lilipitisha sheria ya skolashipu inaitwa Gilman, kwa ajili ya wanafunzi wanaopata ile ruzuku ya serikali ya Pell, hata wa vyuo vya miaka miwili, hata kwa safari ya wiki tatu. Inafika dola 5,000, na ukisoma lugha zile wanazoziita muhimu wanaongeza mpaka 8,000. Kiswahili kimo kwenye hizo lugha, cheka kidogo, kuna mtu analipwa dola aje ajifunze ulichokuwa unagombania nacho foleni ya maji.

Lakini Gilman inataka uraia. Grini kadi haitoshi. Wewe uko mwaka wa nne, na kwa aliyeingia kama mkimbizi ile miaka mitano ya kuomba uraia inahesabiwa tangu siku uliyotua, siyo siku kadi ilipofika, angalia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe. Fomu unaruhusiwa kuituma siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia. Kwahiyo hesabu yako ni ya mwaka mmoja hivi, usikimbilie safari ya mwaka huu kwa mkopo wa riba.

Kama huwezi kungoja: Pell unaipata hata kama si raia, wakimbizi wanahesabika, na unaweza kuitumia kulipia safari hiyo ilimradi masomo yake yanaingia kwenye digrii yako, ofisi ya misaada ya fedha wakikwambia haiwezekani waombe wakuandikie hilo jibu. Ila kwa kusafiri utahitaji hati ya safari ya mkimbizi, inadumu mwaka mmoja tu na kuitoa inachukua miezi, na nchi nyingi zinataka viza juu yake wakati wenzako wenye paspoti ya Marekani wanapita tu. Muulize mwalimu kama ameshawahi kumsafirisha mwanafunzi mwenye hati hiyo. Kama hajawahi, wewe utakuwa wa kwanza, waanze mapema. Na Kongo usiende kwanza mpaka umeongea na mwanasheria, hata kama ni msiba.

Shangazi, wakala anadai milioni mbili ashikilie nafasi ya skolashipu ya China kwa mwanangu kabla haijajaa. Nitoe?
Mama wa Mwanza

Usitoe mama. Skolashipu ya serikali ya China haiuzwi nafasi, mtoto anaomba mwenyewe kwa mtandao kupitia ubalozi au chuo, na akipata analipiwa ada, bweni na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza. Chuo kinaweza kudai ada ndogo ya fomu ila inalipwa chuoni, siyo kwenye namba ya simu ya mtu. Ya Uturuki ndo kabisa, kuomba ni bure, inafunguka Januari na kufungwa Februari, na kwa digrii ya kwanza mtoto awe hajafika miaka 21. Wakala anayekusaidia kujaza fomu kwa elfu hamsini mimi sina ugomvi naye, huyu wa milioni mbili mwambie alete barua ya udahili yenye jina la mtoto, halafu kiandikieni chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, siyo aliyowapa yeye.

Na wewe wa Bukoba uliyeuliza habari za Urusi, barua yako imekatika katikati, itume tena.