Jibu: Wakanda Forever, mbona mashabiki wamegawanyika?

Habari mkuu. Nikikuelewa, umeona wengine wanasema walilia wakitazama filamu hii ya Black Panther: Wakanda Forever, wengine walisinzia, na hujui umsikilize nani kabla hujakaa na mwanao kuitazama.

Kwanza, mmeiona ile ya mwanzo, Black Panther ya 2018? Kama bado, anzeni nayo. Hii ya 2022 imejengwa juu ya msiba: Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, alifariki Agosti 2020, na Marvel, watengenezaji wa filamu, hawakumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Ugomvi mwingi umeanzia hapo. Wapo waliotaka mfalme arudi kwa sura nyingine, wapo walioona huko ni kumkosea heshima marehemu. Ukisoma maoni ya mtu, jua kwanza yuko upande gani, ndipo upime lawama zake.

Wanaolalamikia urefu wana haki, ni dakika 161. Mimi ningeikata sehemu ya Riri Williams, yule mwanafunzi mvumbuzi, bila huruma. Ila Angela Bassett akifoka kwenye kiti cha malkia, weka simu chini. Lupita Nyong'o wetu anachelewa kutokea, usikate tamaa.

Kama mtoto atavumilia, wewe ndiye unayemjua. Na msizime majina yakianza kupita, kuna kipande kingine kinakuja.