Connaught: waliwapiga Maserati, wakafa njaa

Wiki iliyopita niliitaja Connaught, timu ya zamani ya Uingereza iliyotengeneza na kushindanisha magari ya Formula 1, kwa mstari mmoja tu, maswali yakamiminika. Haya, tuyale moja moja.

Mkuu, hao Connaught ni kina nani? Mi langalanga naifuatilia lakini hilo jina geni.

Sikulaumu, hawakudumu. Rodney Clarke na Mike Oliver, marubani wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza, walikua na gereji ya magari ya spoti pale Send, Surrey, inaitwa Continental Autos, sasa kata maneno hayo mawili uyaunganishe, Con-Aut, ndo Connaught hiyo. Mwaka 1957 wakafunga.

Hela walitoa wapi?

Mfukoni mwa mtu mmoja, Kenneth McAlpine, wa ile familia ya makandarasi wakubwa. Basi. Enzi hizo timu hazibandiki matangazo ya sigara kwenye bodi, kwahiyo akichoka yeye mmechoka wote.

Injini ya nani?

Ya kuomba omba tu. Gari ya modeli A walichukua injini ya Lea-Francis wakaichokonoa, ya modeli B wakaweka ya Alta ya lita 2.5, zote kampuni za magari za Uingereza. Kuna injini ya V8 (silinda nane) ya watengeneza injini Coventry Climax waliisubiri weee, Climax wakaingia ubaridi waliposikia nguvu za farasi wanazotamba nazo wapinzani, haikutoka.

Ni kweli walishinda na dereva mwanafunzi?

Kweli kabisa! Oktoba 1955, Syracuse, kisiwa cha Sicily, Italia. Timu inaenda kule kufata hela ya kushiriki tu, madereva wa maana wote wana shughuli zao, ikabidi wamuite Tony Brooks, miaka 23, anasomea udaktari wa meno, gari ya Formula 1 hajawahi hata kuikalia. Kwenye ndege anabukua mitihani. Kufika, magari bado yako njiani na malori, akakodi Vespa akawa anazunguka nayo saketi anasoma kona. Zilipofika akapewa raundi chache tu maana injini ikifa hamna nyingine. Afu siku yenyewe akawala Maserati, timu ya kiwanda chenyewe cha Italia, iliyokua na madereva akina Musso na Villoresi, akamaliza zaidi ya nusu dakika mbele. Mara ya mwisho Muingereza kushinda Grand Prix na gari la Kiingereza ilikua 1924, dereva Segrave na gari la Sunbeam. Ila haikua mbio ya ubingwa wa dunia, tusidanganyane.

Si wangepata wafadhili baada ya hapo?

Ungedhani. 1956 dereva wao Ron Flockhart akashika wa tatu kwenye mbio za Monza, Italia, 1957 mwenzake Lewis-Evans wa nne Monaco, na muda mfupi baada ya hiyo Monaco McAlpine akasema imetosha. Vitu vikapigwa mnada, mbili kati ya zile gari akazibeba kijana mmoja muuza magari anaitwa Bernie Ecclestone, ndo huyohuyo aliyekuja kuishika Formula 1 yote. Monaco 1958 akajaribu kuendesha moja mwenyewe. Hakufuzu kuingia kwenye mbio.