Agnes Moorehead hakuwa Endora tu

Ndugu, umeuliza kama yule Endora, mama mkwe mchawi wa kipindi cha televisheni cha Bewitched, aliwahi kuigiza kitu kingine cha maana. Aliwahi, tena sana! Agnes Moorehead alitokea kwenye redio, kwenye kundi la mwigizaji na mwongozaji Orson Welles, naye Welles ndiye aliyemwingiza kwenye sinema mwaka 1941, katika Citizen Kane. Anaonekana dakika chache tu, kama mama anayemtoa mwanawe akalelewe na mtu wa benki. Mtazame pale anapofungua dirisha kumwita mtoto anayecheza kwenye theluji: uso umekaza, sauti haitetereki, lakini uchungu wote unauona.

Aliteuliwa kuwania Oscar mara 4 kama mwigizaji msaidizi na hakupewa hata moja. Kwa The Magnificent Ambersons ya 1942, mimi nasema alidhulumiwa kabisa. Emmy, tuzo ya televisheni, aliipata mwaka 1967, kwa mfululizo wa The Wild Wild West, wakati Endora naye anaendelea (1964 hadi 1972).

Ukitaka pa kuanzia, tafuta The Invaders, ya mwaka 1961, kwenye mfululizo wa The Twilight Zone. Yuko peke yake kwenye nyumba ya shamba, anapambana na viumbe vidogo vilivyotua juu ya paa, na hasemi neno hata moja. Ni kuhema, mayowe na macho tu.