Uliza Mzee wa Nyaraka: Mkasi Weka Mbali

*Swali: Shikamoo mzee. Naishi San Diego. Jirani yangu alikuwa anahama, akaniuzia boksi la majarida ya skeitibodi, ule mchezo wa kuteleza juu ya ubao wa magurudumu: Thrasher na Transworld za miaka ya 80, na SkateBoarder chache za miaka ya 70. Makala zake hazinishughulishi, mimi napenda matangazo. Nataka niyakate, mazuri niyatie kwenye fremu na mengine kwenye albamu. Yanayobaki nitatupa. Nianzeje?*

Marahaba mwanangu. Anza kwa kuuficha mkasi. Kwangu mimi mkasi unakaa jikoni, chumba cha makaratasi hauingii.

Chukua tangazo unalolipenda kuliko yote, ligeuze utazame nyuma yake. Mara nyingi utakuta tangazo jingine, au nusu ya mahojiano. Ukikata la mbele, la nyuma umelipasua. Tena matangazo mengi hayana tarehe. Tarehe iko kwenye jalada na kwenye ukurasa wa yaliyomo, ambavyo wewe unataka kuvitupa. Kila siku naona kurasa za namna hii zikiuzwa mtandaoni, zimekatwa kwa rula vizuri kabisa, na muuzaji ameandika "miaka ya 80 hivi". Hivi ndiyo lini?

Na majarida haya yana jambo lake. Kampuni ya ekseli za skeitibodi, vile vyuma vya chini vinavyoshika magurudumu, iitwayo Independent ilianza 1978, kwao San Francisco. Mwaka 1981 Fausto Vitello na Eric Swenson, watu wa Independent hao hao, wakaanzisha Thrasher. Miaka miwili baadaye, 1983, Larry Balma wa Tracker, kampuni hasimu ya ekseli, akatoka na Transworld. Basi majarida yote mawili unayoyaona boksini kwako yamezaliwa na mafundi wa ekseli! Tangazo la Independent ndani ya Thrasher ni la mwenye gazeti kujitangaza nyumbani kwake. Litazame lilipowekwa, limepewa ukurasa gani, limekaa jirani na nani. Ukilitia kwenye fremu peke yake, hayo yote yamekwenda, imebaki picha ya chuma.

Halafu tafuta ya Powell Peralta, kampuni ya George Powell na Stacy Peralta. Matangazo yao mengi yalibuniwa na Craig Stecyk, na baadhi yake hayakuhangaika hata kuonyesha mtu akiteleza. Mafuvu na mifupa unayoyaona kwenye mbao zao ni kazi ya mchoraji Vernon Courtlandt Johnson. Mimi skeitibodi sijawahi kuikanyaga na magoti yangu hayataniruhusu, lakini kwa mkono wa yule bwana navua kofia.

Sasa, zile kurasa za mwisho zisizo na rangi, za maduka yaliyouza kwa posta, usiziruke. Herufi ndogo, bei ya magurudumu, bei ya fulana, sanduku la posta, fomu ya kukata ujaze ulipe. Wakusanyaji wengi hawazitaki kwa sababu hazipendezi ukutani. Mimi ndizo ninazoanza nazo. Humo utajua kijana wa mwaka 1986 alilipa kiasi gani, na kitu gani kilikuwa kimeanza kushushwa bei.

SkateBoarder zako ziheshimu zaidi. Jarida hilo lilitoka mara ya kwanza 1964, likafa baada ya matoleo manne, likafufuliwa 1975 magurudumu ya plastiki ya yurethani yalipokuwa yameurudisha mchezo mitaani. Mwaka 1980 likabadili jina na kuwa Action Now, likaanza kuchanganya michezo mingine, maana viwanja vya kulipia vilikuwa vikifungwa kwa gharama za bima. Zipange kwa mfuatano wa tarehe, uhesabu kurasa za matangazo katika kila toleo. Biashara ikinenepa au ikikonda utaiona kabla hujasoma mstari wa makala.

Uhifadhi wenyewe si mgumu. Thrasher za miaka ya mwanzo zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ina lignini ya mti. Mwanga na joto vinaigeuza kahawia na kuifanya ivunjike. Kwa hiyo gereji hapana, dirishani hapana. Zilaze bapa, gizani, mahali pakavu ndani ya nyumba. Kila toleo lipe mfuko wa poliesta au polipropilini. Plastiki yenye harufu kali kama kitambaa kipya cha meza ni PVC. Hiyo inashika wino, irudishe dukani. Majarida ya karatasi inayong'aa yaogopee maji, kwa sababu ikilowa na kukauka kurasa zinagandana na hazibanduki tena. Pini za katikati zikiota kutu, mpelekee fundi wa kujalidi azitoe. Selotepu usiiguse hata ukurasa ukiwa umechanika vipande viwili.

Fremu? Skani tangazo, chapisha nakala, tundika nakala. Mgeni hatatambua.

*Swali: Habari za kazi mzee. Mimi ni wa Kampala, tunateleza Kitintale. Nimeskani matangazo ya Thrasher ya zamani lakini picha zinatoka na mawimbi-mawimbi, na maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana. Skana ni mbovu?*

Skana yako nzima, kijana wangu. Picha ya jaridani imeundwa kwa nukta ndogo za wino wa rangi nne, na skana nayo inasoma kwa mistari yake ya nukta. Vikipishana, mawimbi hayo. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, hifadhi faili hiyo kama TIFF bila kuigusa, kisha tengeneza nakala ndogo ya JPEG. Ukipunguza ukubwa mawimbi mengi yanatulia, na yakibaki tumia kichujio cha programu kwenye nakala tu, kamwe si kwenye faili mama. Maandishi ya nyuma yanaondoka ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaouskani. Wengi huweka nyeupe, na nyeupe ndiyo inayoyaonyesha.

Jina la faili lianze na jarida, mwaka, mwezi, ukurasa: thrasher-1984-03-uk45. "Tangazo zuri 2" ni jina la kumtesa mtu atakayekurithi. Majina ya mchezaji na mpiga picha, yakiwa yameandikwa, yanakili pembeni.

*Swali: Mzee, niko Mombasa. Nimeambiwa matangazo ya zamani ya Marekani hayana mwenyewe. Naweza kuchapa fulana zenye lile fuvu la Powell Peralta?*

Aliyekuambia amesikia nusu. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kabla ya Machi 1, 1989, kazi iliyochapishwa ilitakiwa kuwa na alama ya hakimiliki, na alama ya jarida zima haikuyakinga matangazo ya kampuni nyingine yaliyomo ndani. Tangazo lilihitaji alama yake lenyewe. Kwa hiyo yapo yaliyopoteza ulinzi kwao. Lakini mchoro ulio ndani ya tangazo unaweza kuwa na hakimiliki yake peke yake, alama ya biashara ni sheria nyingine kabisa, na Powell Peralta bado wapo na mafuvu yao bado wanayauza. Fulana usichape.

Kama una matangazo ya kampuni zilizokwisha kufa, niandikie tena ukitaja jarida, mwezi na mwaka, tuyatazame moja moja.