Msisubiri azae kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mbwa jike wa nyumbani afungwe kizazi, au aachwe azae kama alivyoumbwa? Jibu langu ni afungwe, tena mapema. Mimi nilichelewa, na aliyeumia ni Tausi wetu.

Tulimpata hapa Arusha akiwa mdogo. Baba mkwe alisema kumtoa kizazi kabla hajazaa hata mara moja ni kumwonea, nami nikakubali. Alipoingia joto, madume ya mtaa mzima yalikesha getini, na moja likapenya kwenye michongoma. Baada ya siku 63 hivi walizaliwa saba. Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya nane nilikuwa nabisha hodi kwa majirani nikibembeleza. Wanne walipata kwao. Mmoja aligongwa na bodaboda. Wawili waliochukuliwa na kijana mmoja niliwakuta baadaye wanachokora jalala la sokoni, mbavu nje, nami najua hakuna aliyewachanja kichaa cha mbwa. Watoto wa shule hupita pale pale.

Hata hapo sikujifunza. Tausi alipofika miaka sita, wiki kama tano baada ya joto, alianza kunywa maji kupita kiasi. Alimaliza bakuli lake, akahamia kwenye ndoo ya kufulia. Chakula hagusi. Asubuhi moja nikakuta usaha kwenye gunia analolalia. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akasema kizazi kimejaa usaha, tukingoja kinaweza kupasuka. Usiku ule ule akapigwa nusu kaputi. Nilioneshwa kizazi chenyewe kwenye beseni: kilikuwa kinene kama mkono wangu, na kwa kawaida hakizidi unene wa kalamu.

Nilidhani aliyekwisha kuzaa amesalimika. Sivyo. Kila baada ya joto, homoni huandaa mji wa mimba hata kama hakupandwa. Joto baada ya joto ukuta wake hunenepa, na bakteria hupata pa kustawi. Anayefungwa kizazi hutolewa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia, kwa hiyo ugonjwa huu haumpati tena. Akifungwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya uvimbe wa matiti nayo hupungua sana.

Upasuaji una gharama yake, sikatai. Mbwa hunenepa upesi, inabidi umpunguzie chakula. Baadhi yao, hasa wenye miili mikubwa, huja kuvujwa na mkojo usingizini, ingawa dawa ipo. Wa mbegu kubwa madaktari wengi hupenda wakomae kwanza. Na akiwa kwenye joto asipasuliwe bila dharura, kwani mishipa imejaa damu. Muulizeni daktari kuhusu mbwa wenu, si kuhusu mbwa wa jirani.

Asubuhi baada ya upasuaji baba mkwe alikuja. Alichuchumaa, akachovya vidole kwenye maji, akamlowesha Tausi midomo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, nilikushauri vibaya." Nikamwambia, "Hapana baba, hata mimi sikuuliza."

Tausi alipona. Sasa tuna jike mwingine, Chema, wa miezi sita, hajaingia joto bado. Atafungwa Jumamosi hii, na anayempeleka ni baba mwenyewe. Jana alipiga simu kunikumbusha Chema asipewe chakula usiku wa kuamkia siku hiyo.