Dhahabu ya Kustaafu Haikai Kwenye Sefu ya Nyumbani

Juzi kaka mmoja wa Ohio kaniandikia: "Dada, kuna kampuni imenipigia. Wanasema nihamishe hela zangu zote za 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, ninunue dhahabu, halafu nikae nayo mwenyewe nyumbani kwenye sefu. Niingie?"

Usiingie, kaka. Na kwa kuwa najua simu hizo zinapigwa kwa wengi wetu huku Marekani, nawajibu wote.

Dhahabu yenyewe siipingi, ninayo. Nimezaliwa Geita, kwenye migodi ya Tanzania, dhahabu hainitishi. Nilipofungua IRA ya dhahabu hapa Texas, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni yenye nafuu ya kodi, wenzangu wa kikundi chetu cha kusaidiana walinicheka mbele za watu. Mmoja akasema kumbe nimewaacha matapeli wa machimboni nikawafuata wa Marekani. Kauli ile iliniuma na mpaka leo inaniuma. Wakati ule wakia moja ilikuwa chini ya dola 1,300. Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Walionicheka ndio hao wanaonipigia sasa kuuliza naanzia wapi.

Unaanzia kwenye sheria. Dhahabu ya IRA lazima iwe na usafi wa asilimia 99.5 kwenda juu. American Eagle, sarafu ya dhahabu ya serikali ya Marekani, ni ya karati 22, haifiki usafi huo, lakini sheria imeiruhusu kwa jina. Sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini haimo. Na lazima itunzwe na benki au msimamizi aliyeidhinishwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi iliamua kesi ya mama mmoja aliyenunua Eagle kwa hela za IRA kupitia kampuni yake, akaziweka kwenye sefu nyumbani. Ikahesabika kwamba amezitoa hela zile, na kodi ikamwangukia. Yangu iko kwenye ghala Delaware. Sijawahi kuishika, naletewa taarifa tu, na ninalala vizuri.

Muuzaji wa kwanza niliyeongea naye aling'ang'ania nichukue sarafu zilizong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji, bei juu kabisa ya bei ya soko. Nikamuuliza, "Nikizinunua sasa, nikikuuzia tena jioni hii hii, utanipa ngapi?" Akaanza kunihubiria jinsi dola itakavyoanguka. Nikarudia swali. Akaniambia nafasi ni chache. Nikakata simu, nikanunua Eagle za kawaida kwingine. Hilo swali liulizeni kabla ya yote, jamani. Anayekwepa kulijibu hafai kushika hela yenu.

Pili, pesa ihame moja kwa moja kutoka kwa msimamizi wa 401(k) hadi kwa msimamizi wa IRA. Hundi ya 401(k) ikitoka kwa jina lako, asilimia 20 inakatwa palepale, na una siku 60 za kurudisha kiasi chote, ikiwemo hiyo iliyokatwa, kutoka mfukoni mwako. Ukishindwa, unalipa kodi, na kama hujafika miaka 59 na nusu, kwa kawaida unaongezewa adhabu ya asilimia 10.

Tatu, usiweke zote. Narudia: usiweke zote! Januari 1980 wakia ilifika dola 850, kisha ikashuka. Aliyenunua siku ile alisubiri hadi 2008 kuiona bei hiyo tena, na mfumuko wa bei ulishamla katikati. Dhahabu haizai riba wala gawio, na kila mwaka unalipia akaunti na ghala. Mimi nimeweka sehemu moja ya kumi ya akiba yangu. Ni kinga, na kinga haihitaji kuwa kubwa.

Ndugu zangu, tunapiga zamu za usiku, tunatuma hela nyumbani kila mwezi, tunajenga nyumba tusizolala. Ukimuuliza mtu uzee wake umekaaje, anakuonyesha watoto. Watoto wana maisha yao! Mzee asiye na akiba ni mzigo, hata kama wanampenda. Fungua akaunti, hata ya kidogo, mwaka huu huu.

Na muwe na IRA nyingine ya kawaida pembeni, kama yangu ya hisa. Waliozaliwa 1960 na kuendelea, wakifika miaka 75 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inawataka waanze kutoa kiasi fulani kila mwaka, na sarafu haikatwi vipande. Mwenye IRA mbili za aina hiyo anaruhusiwa kutoa kiasi cha zote kwenye moja. Kwa hiyo mimi nitatoa kwenye ile ya hisa, dhahabu ibaki Delaware mpaka mwaka ambao bei itanifaa kuuza.